Sura ya Sita: Upanga Usiokata

Kijana wa Mangina anayetamani kujifunza upanga wa Kijapani ana mzigo ambao mwenzake wa Tokyo au Paris hana. Tangu Oktoba 2014, katika wilaya ya Beni, mashariki ya Kongo, ilimo Mangina, panga na shoka zimeua watu vijijini, mashambani na barabarani, na ni vigumu kupata ukoo usio na jina la kutaja. Ukimwambia mama yako kwamba unataka kujifunza upanga, hatakuuliza mwalimu ni nani wala ada ni kiasi gani. Atakuuliza: wa nini?

Sura hii inajaribu kumjibu mama huyo. Jibu limo ndani ya vifaa vyenyewe. Kwa zaidi ya miaka mia tatu, walimu wa upanga wa Japani walihangaika na swali moja: mtu atampigaje mwenzake kwa nguvu zake zote, na mwenzake huyo arudi mazoezini kesho akiwa mzima? Upanga wa mti, upanga wa mwanzi, kofia ya kinga na vitabu vya mafunzo ni majibu ya swali hilo. Anayeuelewa mpangilio huu atajua anunue nini, achongeshe nini hapa hapa, asome nini, na aache nini dukani.

Walivyofika kwenye mti na mwanzi

Mpiga upanga mashuhuri kuliko wote wa Japani, Miyamoto Musashi, alipambana mwaka 1612 na Sasaki Kojiro katika kisiwa kidogo kinachoitwa Ganryujima. Wasimulizi wanasema Musashi alikwenda huko na upanga wa mti alioukata kutoka kwenye kasia. Kojiro alikufa. Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba mti ni kitu cha watoto: upanga wa mti huvunja mfupa na kupasua kichwa. Hiyo ndiyo sababu wanafunzi wa zamani walifanya mazoezi yao kwa mpangilio uliokubaliwa, huyu akishambulia hivi na yule akijibu vile, na kila mmoja akisimamisha pigo kabla halijagusa ngozi.

Katika karne ya 16, mwalimu Kamiizumi Nobutsuna alianza kutumia mwanzi uliopasuliwa na kuvishwa mfuko wa ngozi. Pigo la mwanzi huo linauma, lakini haliui. Mwanzoni mwa karne ya 18, shule ya Naganuma iliboresha kofia na glavu za kinga, na kufikia katikati ya karne hiyo mwanzi na kinga vilikuwa vinatumika pamoja. Hapo wanafunzi waliweza kupigana kwa uhuru bila kupanga pigo. Kendo, sanaa ya upanga wa mwanzi tunayoiona leo, ilizaliwa humo.

Serikali ya Japani ilikataza raia kutembea na panga mwaka 1876. Baada ya vita kuu ya pili, majeshi yaliyoikalia Japani kuanzia 1945 yalipiga marufuku mafunzo ya upanga. Shirikisho la Kendo la Japani liliundwa mwaka 1952, na lile la kimataifa mwaka 1970. Sanaa hii ilivuka vizuizi hivyo vyote kwa sababu ilikuwa imekwisha kuhamia kwenye vifaa visivyokata. Mtaa ulioingiwa na hofu ya panga una kila haki ya kuijua historia hiyo.

Wala wazo hilo si geni kwa Waswahili. Watu wa Lamu na wa sehemu nyingine za pwani wana kirumbizi, mchezo wa fimbo unaochezwa kwa ngoma katika harusi na sherehe, ambamo wawili hukabiliana, hutupiana mapigo na kuyakinga mbele ya watu. Mshindi hupimwa kwa ustadi wake, na wote wawili hurudi kula pilau.

Kwa nini judo ilitangulia

Japani ilikwisha kuingia katika maisha ya watu wa mashariki ya Kongo kupitia judo na karate. Popole Misenga na Yolande Mabika, waliotoka upande huu wa nchi na kutenganishwa na familia zao na vita wakiwa wadogo, walijifunza judo Kinshasa. Mwaka 2013 walibaki Brazil baada ya mashindano ya dunia, na mwaka 2016 walishiriki Olimpiki ya Rio katika timu ya kwanza ya wakimbizi. Misenga alishinda pambano lake la kwanza.

Judo huhitaji vazi na mahali laini pa kuangukia. Karate huhitaji hata pungufu ya hapo. Kendo huhitaji upanga wa mwanzi unaochakaa, na kinga ya kichwa, mikono, kifua na kiuno ambayo bei yake ni mamia ya dola kwa mtu mmoja. Katika Afrika kusini ya Sahara, nchi kama Afrika Kusini zimefika mashindano ya dunia, lakini kwa jumla sanaa hii imeenea polepole. Kinachozuia ni gharama kuliko uvivu wa vijana. Kwa hiyo mwanafunzi wa Mangina aanze na sehemu ile ya sanaa ambayo haihitaji mamia ya dola, yaani upanga wa mti.

Bokken kwa fundi wa hapa

Upanga wa mti huitwa bokken au bokuto. Ule mrefu una sentimita 102 hivi, na takriban sentimita 25 kati ya hizo ni mpini. Mfupi una sentimita 55 hivi. Mrefu huwa na uzito wa gramu 500 hadi 600. Una mkunjo mdogo kama wa upanga halisi, mgongo, upande wa makali usio na makali, na mstari ulioinuka katikati ya ubavu. Mpini wake ni wa umbo la yai. Usiwe wa mviringo kamili, kwa sababu mkono unatakiwa ujue makali yameelekea wapi bila msaada wa macho.

Wajapani hutumia mwaloni mwekundu au mweupe wa kwao, mti mgumu, mzito na wenye nyuzi zilizoshikamana. Mangina iko ukingoni mwa msitu wa Ituri, na mbao hupita hapo kila siku kuelekea Beni na Butembo. Lakini si kila mbao inafaa. Libuyu, inayopendwa kwa milango na vitanda, ina nyuzi zinazopishana, na ni nyepesi mno kwa kupokea mapigo. Mkaratusi uliojaa milimani kuelekea Butembo na Lubero hupenda kupasuka unapokauka. Mbau, mti unaotawala maeneo makubwa ya msitu wa Ituri, ni mgumu na mzito, na unastahili kujaribiwa kwanza. Mpera nao ni mti imara, ingawa ni nadra kupata shina lake lililonyooka kwa mita nzima. Shina la mkahawa wa zamani, ambao wakulima wengi wa Beni waliung'oa baada ya ugonjwa wa mnyauko na kupanda kakao, hutosha kwa upanga mfupi.

Usimwambie fundi akutengenezee upanga wa sinema. Mwambie unataka mti wa kiwango cha mpini wa shoka, naye atakuelewa mara moja, kwa sababu masharti ni yale yale. Mti uwe mkavu, uliokaa kivulini kwa miezi. Nyuzi zikimbie kutoka mwanzo hadi mwisho bila kukatwa njiani. Usiwe na fundo, wala ufa hata wa unywele. Nyuzi zikikatwa na mkunjo, upanga utavunjika hapo siku utakapogongana na mwingine, na kipande kilichoruka hakichagui jicho la nani.

Baada ya randa na msasa, usipake vanishi. Vanishi huteleza jasho linapotoka, na huficha nyufa. Mafuta ya kitani yanatosha, yakipakwa kidogo na kuachwa yakauke. Mawese hayafai, kwa sababu hayakauki. Kabla ya kila zoezi, pitisha kitambaa juu ya upanga wote. Kikinasa mahali, pana kibanzi. Kilainishe kwa msasa, na ukiona ufa, upanga huo umestaafu.

Ukiwa na panga mbili za mti na mwenzako mmoja, una masomo ya miaka. Mfumo wa kata za kendo za Japani, yaani mazoezi ya mpangilio uliokubaliwa, uliokamilishwa mwaka 1912, una mazoezi kumi: saba ya upanga mrefu kwa mrefu, na matatu ya mfupi dhidi ya mrefu. Mwaka 2003 Shirikisho la Kendo la Japani liliongeza mazoezi tisa ya msingi yanayofanywa kwa upanga wa mti, bila kinga. Kwa kundi lisilo na pesa za kinga, mlango wa kuingilia ni huo.

Shinai, kinga na usafi

Shinai ni upanga wa mwanzi. Una vipande vinne vya mwanzi vilivyounganishwa, ngozi kwenye mpini, ngozi ndogo kwenye ncha, na kamba inayokaza vyote. Kwa watu wazima, kanuni zinataka urefu usiozidi sentimita 120, na uzito usiopungua gramu 510 kwa wanaume na gramu 440 kwa wanawake. Mwanzi wa milimani kwetu, kama ule wa Tshiaberimu, umo ndani ya Hifadhi ya Virunga, na hauruhusiwi kukatwa. Hata mwanzi uliopandwa nyumbani hauwi shinai kwa kupasuliwa tu: lazima ukaushwe, unyooshwe kwa moto, na vipande vilingane. Ni afadhali kununua.

Njia ya kununulia ipo. Wafanyabiashara wa Butembo wamezoea kuagiza bidhaa kutoka Dubai na Guangzhou, zikipita Mombasa, zikivuka Uganda na kuingia kwa Kasindi. Shinai kumi ndani ya kontena la mfanyabiashara huchukua nafasi ndogo kuliko boksi moja la vigae. Agizeni kama kundi. Mtu mmoja anayeagiza shinai moja atalipia usafiri zaidi kuliko mwanzi wenyewe.

Shinai hutunzwa kwa bidii. Kila baada ya mazoezi, angalia kingo za vipande. Kibanzi kilichochomoza hupita kati ya vyuma vya kofia na kufika jichoni, na ajali za namna hiyo zimewahi kutokea. Fungua, laini kwa msasa, paka mafuta, funga tena. Kipande kilichovunjika hubadilishwa. Usikifunge kwa utepe wa gundi na kuendelea kupiga.

Kinga, yaani bogu, ina sehemu nne: men ya kichwa na koo, kote za mikono, do ya kifua, na tare ya kiuno. Mwanzoni huhitaji hata moja. Katika vilabu vingi, mgeni hufanya miezi bila kinga, akijifunza kusimama, kuteleza kwa miguu na kupiga hewani. Baadaye kundi likipata seti mbili au tatu, litajikuta linazigawana, na hapo Mangina inajua jambo ambalo miji mingine ililijua kwa kuchelewa. Ebola ilipotangazwa tarehe 1 Agosti 2018, Mangina ndiyo iliyokuwa kitovu chake cha kwanza, na mlipuko ule uliua watu zaidi ya 2,200 kabla ya kutangazwa umekwisha Juni 2020. Watu walijifunza kunawa mlangoni na kuogopa jasho la mwingine. Men na kote hunyonya jasho na mate. Kila mtu awe na kitambaa chake cha kichwani kinachofuliwa, kinga ianikwe penye hewa mpaka ikauke kabisa, na mgonjwa wa homa asivae kinga ya kundi. Mwaka 2020, Japani yenyewe iliwataka wanakendo wavae barakoa ndani ya men kwa sababu ya Covid-19.

Sakafu nayo ni kifaa. Kendo huchezwa miguu mitupu juu ya mbao zinazonesa. Saruji hainesi. Kukanyaga kwa kishindo juu yake huumiza kisigino na goti. Palipo na saruji, telezeni miguu na muache kishindo. Udongo ulioshindiliwa na kufagiliwa ni bora zaidi.

Vazi la hakama lenye mikunjo ni zuri, na fundi cherehani yeyote wa Mangina aliyeonyeshwa picha na vipimo anaweza kulishona. Lakini mwaka wa kwanza suruali pana inatosha.

Chuma

Wanafunzi wa iaido, sanaa ya kuchomoa upanga na kuurudisha alani, hutumia iaito. Upanga huo hutengenezwa kwa mchanganyiko wa aluminiamu na zinki, kwa sababu sheria ya Japani ya mwaka 1958 inabana sana umiliki wa panga za chuma halisi. Hauwezi kunolewa ukashika makali, na haujatengenezwa ili ugonganishwe na upanga mwingine. Ni kifaa cha mtu mmoja anayefanya zoezi peke yake chini ya mwalimu.

Kuna pia panga za mapambo za bei rahisi zinazouzwa kwa wingi. Ndani ya mpini wake mara nyingi kuna mkia mwembamba wa chuma uliounganishwa kwa kulehemu. Ukiuzungusha kwa nguvu, mkia hukatika na ubapa wa upanga huruka. Usinunue.

Kwa Mangina naongeza sababu nyingine. Kivu Kaskazini iliwekwa chini ya utawala wa kijeshi Mei 2021, na barabara ya Beni ina barieri. Askari anayefungua begi na kukuta upanga wa chuma hatakaa kusikiliza historia ya samurai, wala mkimbizi aliyeponea chupuchupu hatalala vizuri jirani yake akiwa na kitu hicho. Hata upanga wa mti usiufungie ndani ya nguo kama kitu cha kuficha. Nendeni komini na kwa mkuu wa mtaa kabla ya zoezi la kwanza, mweleze mnafanya nini, saa ngapi na wapi, na mtembee na karatasi ya kundi. Fanyeni mazoezi mchana, mahali panapoonekana, na wazazi wakaribishwe kutazama. Upanga wa chuma, hata usio na makali, uachwe kabisa.

Vitabu

Vingi vya vitabu vya sanaa hii vinapatikana kwa Kifaransa au Kiingereza, na mwanafunzi aliyemaliza sekondari Butembo anaweza kuvisoma. Vigawe katika makundi mawili, na usiyachanganye.

Kundi la kwanza ni la kazi ya mikono. *Kendo: The Definitive Guide* cha Ozawa Hiroshi, kilichotoka mwaka 1997, kinaeleza kusimama, kushika, kupiga na kutunza vifaa, kwa michoro. Inoue Yoshihiko aliandika *Kendo Kata: Essence and Application* kuhusu zile kata kumi. Vitabu vya namna hii husomwa upanga ukiwa mkononi: ukurasa mmoja, kisha zoezi, kisha ukurasa ule ule tena. Havitoshi bila mwalimu. Kitabu hakioni kwamba bega lako limepanda. Mwenzako anaona, na simu inayorekodi video nayo inaona.

Kundi la pili ni la fikra. Musashi aliandika *Gorin no Sho* kati ya 1643 na 1645, mwaka aliokufa. Wafaransa wanakiita *Traité des Cinq Roues*. Kina sehemu tano: Ardhi, Maji, Moto, Upepo na Utupu. Ni kifupi, kikavu na chenye faida kubwa kwa aliyekwisha kushika upanga. Kwa asiyeshika ni maneno matupu, na hiyo ndiyo sababu wauzaji wa vitabu vya biashara wanaweza kukigeuza watakavyo.

Yagyu Munenori, mwalimu wa upanga wa watawala wa ukoo wa Tokugawa, aliandika *Heiho Kadensho* mwaka 1632. Humo anatofautisha upanga unaoua na upanga unaotoa uhai, na anatetea kumwua mwovu mmoja ili wengi waishi. Soma hoja hiyo kwa uangalifu. Munenori alikuwa mtumishi wa dola iliyokuwa imemaliza vita vyake. Huku Kivu, kila aliyebeba silaha amewahi kusema anaua wachache ili aokoe wengi. Mwanafunzi wa Beni anaweza kumwuliza Munenori maswali ambayo msomaji wa Ulaya hayafikirii, na ayaulize kwa sauti mbele ya wenzake.

*Hagakure* ni hatari zaidi. Yamamoto Tsunetomo aliyasimulia maneno yake mwanzoni mwa karne ya 18. Alikuwa mtumishi wa bwana wa Saga, aliyeishi wakati wa amani, na anasifu kifo kuliko wapiganaji wengi waliowahi kukiona. Wanajeshi wa Japani wa karne ya 20 walikipenda kwa sababu hiyo. Katika eneo ambalo vijana huvutwa msituni kwa maneno ya ushujaa, kitabu hiki kisomwe na watu wazima, pamoja na historia ya matumizi yake. *Bushido* cha Nitobe Inazo, cha mwaka 1900, kiliandikwa kwa Kiingereza na Mkristo wa Kikweka aliyetaka kuwaeleza wageni maadili ya nchi yake. Kinasomeka vizuri, lakini hakifundishi kupiga upanga.

Kwa anayeanza

Basi ukitaka kuanza, tafuta mwenzako mmoja mwenye subira. Mpelekee fundi vipimo vya sura hii, akuchongee panga mbili. Pata kitabu kimoja cha kazi ya mikono, na umwachie Musashi mwaka wa pili. Waambieni viongozi wa mtaa na wazazi. Fanyeni yale mazoezi tisa ya msingi mpaka myaweze bila kufikiri, kisha ingieni kata ya kwanza. Mkifika kumi na zaidi, agizeni shinai kwa pamoja, na kinga baadaye, kidogo kidogo. Mwalimu akipita Beni, Goma au Kampala, mfuateni, hata kwa siku mbili, awarekebishe.

Na mama akiuliza wa nini, mpe ule upanga aushike. Mwonyeshe kwamba hauna makali, kwamba kila pigo lina mpaka wake, na kwamba anayemgusa mwenzake nao kwa makusudi hufukuzwa mazoezini. Kundi lisiloweza kuitimiza kanuni hiyo ya mwisho lisianzishwe.